Mashabiki wa Mji Wenu

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkaza mjomba, na saluni yenu inaendelea kujaa watu na umbea. Sisi huku tunajikongoja. Mguu wa mama umepungua uvimbe, ila ulimi haujapungua chochote. Analalamika kwamba simu yako inaita mpaka inakata na wewe hupokei. Nikamweleza ulichoniambia, kwamba simu zinakuchosha na unataka tuandikiane kama watu wa zamani. Akasema, "Mwambie watu wa zamani walikuwa wanajibu." Nimefikisha ujumbe, mimi simo.

Mimi bado niko pale pale, chumba cha kufulia cha hoteli, kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Mvuke umenifanya nionekane nimetoka kulia kila siku. Msimamizi wetu anastaafu mwaka huu na wanamtafuta wa kurithi kiti chake. Wananitazama mimi. Nimejifanya sijaona.

Sasa neno lenyewe. Nimerekodi wimbo. Nimeurekodi kwenye stoo ya mashuka, maana pale hakuna mwangwi kabisa, sauti inatoka safi utafikiri umelipia studio. Unahusu kazi yangu: mtu ananyoosha mashuka ambayo hatayalalia. Ubeti wa pili ni ule mto uliokuja umelowa machozi ya mgeni, niliokusimulia. Nimekuandikia maneno yote kwenye karatasi ya pili. Kiungo cha wimbo nimemtumia mkaza mjomba kwenye simu ya saluni, akibonyeze tu utacheza.

Nimeuweka mtandaoni, Mjomba, na nimechoka kabla haujasikilizwa. Rafiki yangu wa mapokezi anasema wimbo siku hizi haujiuzi, lazima niweke video kila siku. Basi nimejirekodi nikiimba, nikipika, nikisuka nywele, nikilia kidogo. Iliyopendwa kuliko zote ni ile mashine ilipomeza shuka nikapiga yowe. Watu walicheka wee, wakasambaziana, na hakuna hata mmoja aliyebaki kusikiliza wimbo. Kuna jamaa mmoja ambaye kila Ijumaa hutoa orodha ya wanamuziki wapya, na akikuweka pale umetoka. Mimi namwita Bwana Ijumaa. Nimemwandikia mara nyingi mpaka naona haya. Hajibu.

Ila mtu ninayemtaka hasa ni wewe. Wimbo wangu wa kwanza kila mtu aliusifu, wewe peke yako ukaniambia ni mbovu, na ulikuwa mbovu kweli. Usikilize, uniambie ukweli. Kuna kitu humo ndani nimekuwekea wewe. Sisemi ni nini, utakijua mwenyewe.

Mpwa wako

*

26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima kwa kiasi ambacho umri unaruhusu. Mkaza mjomba wako anakusalimu, ana mafua na hasira, na wateja wanavumilia vyote viwili kwa sababu mikono yake ni myepesi. Mwambie dada yangu nampenda na simu ni mbovu.

Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka nifanye kazi yako sawasawa. Unajua karakana yangu iko nyuma ya saluni, pazia tu linatutenganisha. Sasa pazia nimelifunga kwa kamba, nimegeuza kiti, na huku nafungua pasi na blenda za watu naona vioo vyote na kila anayekaa mbele yake. Maneno yako nimeyaweka mapajani, simu ya saluni iko pembeni yangu imeunganishwa na spika ya mbele, na ule mstari unaotembea chini kwenye simu unanionyesha wimbo umefika wapi. Nimebonyeza kile kialama cha mshale unaojizungusha ili uwe unarudia wenyewe. Wateja wa asubuhi si wa jioni, nami nataka kuwaona wote.

Basi sikia. Mama mmoja mnene wa kioo cha katikati, ambaye hutafuna bazoka tangu anaingia mpaka anatoka, aliacha kutafuna kwenye mto uliolowa. Mdomo ulibaki wazi, bazoka imekaa tu juu ya ulimi. Mwalimu wa chekechea alikuwa chini ya mashine ya kukausha, akainua ile kofia akatoa sikio moja nje, na mkaza mjomba wako akamrudisha ndani kwa nguvu. Baada ya kiitikio cha pili watu wanaangalia dirishani. Wote. Hata aliyekuwa anasukwa na hawezi kugeuka, macho yalikwenda. Hapo pana maneno mengi, pafupishe.

Utauliza mbona nakueleza habari za watu badala ya zangu. Mpwa wangu, nimesimama nyuma ya waimbaji nusu ya maisha yangu. Mpiga besi hana kazi ya kuonekana, kwa hiyo anaona. Mtu anaweza kukudanganya kwa makofi, lakini hawezi kukudanganya kwa miguu. Wimbo wako unasimamisha watu. Huo ndio ukweli ulioutaka.

Jioni mkaza mjomba wako anazima spika anatangulia nyumbani, mimi nafunga milango. Simu ya saluni naiweka kwenye droo ya karakana ichaji hadi kesho, maana mbele pale wezi wameshatuzoea. Kwa hiyo usiogope, wimbo wako uko salama.

Mjomba wako

*

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo sana leo! Mama mzima, mguu mzima, mimi mzima, tupite hapo haraka maana nina habari.

Nilikuwa nimekata tamaa. Kweli. Nilikuwa nafungua ule ukurasa wa namba kila nikipata nafasi chooni, na namba zimekaa pale pale, haziendi mbele wala nyuma. Halafu zikaanza kupanda. Ukurasa unaonyesha na miji. Mjomba, ni mji wenu! Mji wenu peke yake unasikiliza kuliko dunia nzima. Asubuhi wanasikiliza, mchana wanasikiliza, usiku hawalali. Nikadhani mashine imekosea. Lakini kila siku ni vile vile.

Ijumaa iliyopita Bwana Ijumaa akaniweka kwenye orodha. Wa mwisho, lakini hata wa mwisho naye yumo. Aliniandikia sentensi moja: "Naona kuna mji unakupenda, nenda ukawaone." Nimeisoma mpaka nimeiota.

Kwa hiyo nakuja. Nitafutie ukumbi, hata ule wa chama cha ushirika ambao bendi yenu ilikuwa inapiga. Nadhani ni wewe uliyeanza, umewaambia wateja, nao wakaambiana. Siku hizi hivyo ndivyo mtu anavyotoka. Hatafuti mashabiki wote, anatafuta mahali pamoja panapompenda kweli, ndipo wengine wanasogea. Rafiki yangu wa mapokezi ameshaniambia nisimsahau.

Lakini, Mjomba, hujanijibu jambo moja. Kile nilichokuwekea. Ni besi yako, ile ya bendi, uliyonifundisha kwa vidole juu ya meza ya jikoni mpaka mama akatufukuza. Nimeipiga mwenyewe, wimbo mzima umeikalia. Nilidhani ungeitambua kabla sijafungua mdomo. Umeniambia habari za bazoka na dirisha, besi hukuitaja hata kidogo. Kama nimeiharibu niambie tu, nitavumilia.

Mama anasema alikupigia siku yake ya kuzaliwa. Ukapokea, ukasema "Ndiyo, ndiyo, asante," halafu ukakata yeye akiwa katikati ya maneno. Hakuniambia kwa utani. Aliniambia akiwa amenipa mgongo.

Mpwa wako

*

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa mvua, matope, na umeme wa kuja na kuondoka. Mafua ya mkaza mjomba wako yamepona, hasira imebaki.

Nilikwenda kwa mtunza ukumbi. Ni yule yule wa zamani, amepoteza meno tu. Nikamwandikia jina lako la muziki akalisoma, akauliza ni nani. Nikamwambia mji mzima unakusikiliza. Akawauliza vijana waliokuwa wanapanga viti. Wakatazamana. Nikaenda sokoni, nikaenda kwa wauza simu, kwa wale wanaofungulia nyimbo barabarani kutwa. Nimeuliza kweli kweli, mpaka watu wameanza kunikwepa.

Usikate tiketi kwanza. Sijaelewa hawa mashabiki wako wanaishi wapi.

Kuhusu besi tutazungumza. Mwambie dada yangu anisamehe, simu ile ina matatizo.

Mjomba wako

*

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Barua yako imenikalia vibaya na nitakuambia kwa nini. Wiki hii meneja aliniita ofisini. Kiti cha msimamizi ni changu nikikitaka. Ni kazi ya kila Jumamosi na Jumapili, na jioni zote za sikukuu, yaani siku zote ambazo watu huenda kusikiliza muziki. Nikikubali nimeacha kuimba, hata kama sitasema nimeacha. Nikikataa nitabaki kwenye mvuke mpaka nizeeke, na mama anazeeka mbele yangu. Nimeomba anisubiri kidogo. Nikajiambia, nikienda kwenye mji ule, nikaona nyuso za watu wanaonisikiliza, nitakataa. Nisipowaona nitakubali. Nimeuweka uamuzi wangu wote hapo.

Halafu wewe unaniambia watu wametazamana.

Kama huoni wimbo unafaa, sema. Kama unaona aibu nije niimbe kwenye mji wako, mbele ya watu waliokuona wewe na bendi yako, sema pia. Ila usinipige chenga. Na tafadhali niambie kuhusu besi. Ni swali dogo, Mjomba. Mtu akikupikia unasema chumvi imezidi au haikutosha. Hukai kimya kama hujala.

Mpwa wako

*

4 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na ukae chini.

Nimeshawapata mashabiki wako. Ni pasi tatu, blenda chungu nzima, na redio ya mwalimu wa chekechea isiyo na betri. Wanakaa kwenye karakana yangu.

Ni hivi. Fundi viatu wa jirani yetu hufungua mapema kuliko wote. Juzi alimfuata mkaza mjomba wako akamwuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini tunamfungia binti ndani tukienda kulala. Akasema kila asubuhi anamsikia anaimba mle, anaonea huruma, maana wimbo wenyewe ni wa masikitiko. Mkaza mjomba wako akaja moja kwa moja karakanani, akafungua droo. Simu ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni. Ulikuwa unaimba. Ule mshale niliobonyeza mwezi wa pili haujawahi kubonyezwa tena. Spika ilikuwa inazimwa kila jioni, simu haikuzimwa hata mara moja. Mchana uliwaimbia wateja, na usiku kucha uliziimbia pasi mbovu.

Mji unaokupenda ni mimi, mpwa wangu. Ni droo yangu.

Sasa utauliza ilikuwaje mtu akae na simu inayoimba pembeni ya goti lake, afunge droo, asijue. Mkaza mjomba wako hakuuliza, kwa sababu yeye anajua. Sisikii. Sikio la kushoto lilikufa kwanza, la kulia likalifuata mwaka jana, mvua zilipoanza. Daktari alinivika vidude masikioni, akanipa kitufe, akaandika nikisikia mlio wowote nikibonyeze. Nikakaa nacho mkononi, nimetega kama mwanafunzi, mpaka akaja kukichukua.

Sikukuambia kwa sababu wewe unaniita kila unapopata wimbo, na nilitaka uendelee kuniita. Sikumwambia dada yangu kwa sababu angelia kwenye simu, nami nisingesikia hata huo mlio wa kulia. Siku ya kuzaliwa kwake nilipokea nikakisia. Ningefanyaje?

Besi sikuisikia. Sauti yako pia sikuisikia. Wimbo wako sijausikia hata mara moja, nami ndiye niliyeusikiliza kuliko mtu yeyote. Inaniuma mpaka kwenye mifupa, na sina namna nyingine ya kuiandika.

Lakini bazoka haikuwa uongo. Dirisha halikuwa uongo. Yale niliyaona.

Wimbo nimeuzima. Mkaza mjomba wako alinionyesha pa kubonyeza.

Mjomba wako

*

28 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kila nilipoanza kuandika nilifika kwenye salamu nikaishiwa nguvu.

Barua yako ilikuta wimbo umeshaondolewa mtandaoni. Nilitumiwa ujumbe usio na jina la mtu, unasema umegunduliwa usikilizaji usio wa kawaida. Nikajieleza kwenye kisanduku chao. Nikaandika kwamba nina mjomba, na mjomba ana droo. Jibu likarudi upesi kuliko mtu anavyoweza kusoma. Bwana Ijumaa naye amenifuta kwenye orodha na hasemi na mimi, anadhani nimenunua watu. Natamani ningekuwa nao uwezo huo.

Nimekubali usimamizi. Sikukubali kwa sababu yako, usijibebeshe. Nimechoka tu, Mjomba. Nimechoka kutabasamu mbele ya simu na kujitangaza kama sabuni.

Na kuna jambo ambalo mimi pia nililinyamazia. Ule ukurasa wa namba una namba mbili. Ile kubwa ni mara ambazo wimbo umechezwa. Chini yake kuna nyingine, ndogo, ya rangi iliyofifia, ya watu waliousikiliza. Niliiona tangu siku ya kwanza. Kwenye mji wenu iliandikwa moja. Niliitazama, nikapandisha ukurasa juu, na kila nilipofungua tena nilikuwa naiziba kwa kidole gumba. Nilitaka ile kubwa iwe kweli. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tunajificha, wewe kwenye masikio, mimi kwenye kidole.

Msikilizaji mmoja, na hasikii. Nililicheka hilo peke yangu kwenye stoo ya mashuka, halafu nikalia. Sikulilia wimbo, nilikulilia wewe. Nilikukasirikia miezi yote hiyo, nawe ulikuwa umekaa unasoma midomo ya watu ili unijibu.

Mama nimemwambia. Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu, "Kumbe hakunitupa." Akaenda kutafuta kitambaa chake cha safari.

Tunakuja wote wawili, kabla sijaanza kazi mpya. Ukumbi sitaki. Nataka mama wa bazoka na mwalimu wa chekechea, basi, hao nawajua. Nitakuja na spika ndogo, muziki utoke humo, mimi niimbe juu yake. Wewe ukae kwenye kiti chako hapo pazia lilipofungwa, ufanye kazi yako ile ile. Utaniandikia baadaye. Pale pale usiniambie chochote, nitashindwa kuimba.

Mpwa wako

*

22 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Nadhani mlifika salama. Dada yangu amesahau kitambaa chake na mkaza mjomba wako ameshakivaa, msitegemee kukiona tena.

Uliniambia nikuandikie, nami nimengoja kidogo ili nisitie chumvi. Sijawahi kuona midomo ya saluni imetulia vile. Mama wa bazoka safari hii aliitoa kabisa mdomoni kabla hujaanza, akaibandika kwenye kioo, na mpaka leo iko pale, mkaza mjomba wako ananuna. Fundi viatu alisimama mlangoni akiwa na kiatu cha mtu mkononi, akakutazama, akanitazama, akatikisa kichwa. Nadhani alifurahi kukuona umefunguliwa. Dirishani hakuangalia mtu. Umepafupisha, nimeona.

Wote waliokuja kukupa simu zao uwawekee wimbo, wanao. Hakuna namba popote inayowahesabu. Mwalimu wa chekechea ameuliza kama msimamizi wa mashuka hupata likizo shule zinapofunga, kwa sababu ana wazazi wengi na hajui awaburudishe na nini siku hiyo. Nimemwambia nitauliza. Nauliza.

Sasa mimi. Nilikaa kwenye kiti changu, nikawatazama kama kawaida. Midomo yako niliiona, kiitikio nilikifuata kwenye karatasi, na bado nilikuwa nje, kama miezi yote. Nilijikaza nisionekane. Halafu nikamwona dada yangu. Alikaa karibu na sinki, mikono imekunjwa, uso wake ule wa kukataa kufurahishwa. Lakini mguu wake mbovu ulikuwa chini ya kiti, na ulikuwa unapiga. Kisigino mara mbili, kimya, halafu vidole mara tatu za haraka, halafu kimya kirefu kuliko mtu anavyotegemea. Watu wengine walikuwa wanapiga ngoma. Yeye peke yake alikuwa anapiga besi. Aliijua kwa sababu tulilala chumba kimoja tukiwa watoto, nami niliitafuta besi ile kwenye ubao wa kitanda mwaka mzima, naye akinitupia viatu.

Ni yangu. Niliitambua kabla haijafika mara ya pili. Nililia, mpwa wangu, na uliniona, usijifanye hukuniona.

Ulitaka ukweli tangu mwezi wa pili, na sikuwa nao. Leo ninao, nimeuona kwenye mguu wa dada yangu. Umeipiga vizuri. Ila baada ya kiitikio cha pili unaikimbiza, kile kimya kirefu hukiachi kiishe. Rudi kwenye stoo yako ya mashuka, uirekodi tena, polepole.

Mjomba wako